Fundi Aliyekatalia Cheni

Jumatatu mapumzikoni jirani yangu wa dawati aliniambia fundi pikipiki wa pale Titye amefariki, presha. Nilijibu "pole" tu, nikainamia daftari. Ninyi mnaosoma safu hii kwenye ubao wa matangazo wa shule mnajua mdomo wangu mzito. Ninayoshindwa kuyasema ndiyo huwa nayaandika.

Mwaka jana kaka yangu alimpelekea kipikipiki chake afungiwe injini ya guta, ile bajaji ya kubebea mizigo, apande milima ya Kibondo na abiria bila kuhema. Fundi akakata fremu, akachomelea, injini ikakaa. Alipoijaribu mteremkoni, zile breki ndogo hazikushika. Akaponea kwenye shamba la mahindi. Alirudi anaikokota, akavua cheni, akaifungia kabatini. Haitoki, akasema, mpaka breki kubwa zipatikane. Kaka akamwita mwoga mbele ya wateja. Yeye akaendelea kufuta mikono.

Jumamosi moja asubuhi kaka akapata abiria wa Kibondo. Akanituma kwa fundi nikaseme mama kazidiwa, atoe cheni tumkimbize hospitali. "Wewe huongeagi, atakuamini." Nikaenda, nikasema. Fundi hakugusa kabati. Aliwasha pikipiki yake mwenyewe. "Panda, mdogo wangu. Mama hapakiwi kwenye kile." Alikimbiza vumbini huku anapiga honi, na kila kona nilitaka kumwambia asimame, ulimi haunyanyuki. Uani tukamkuta mama anapepeta maharage.

"Mwakeye, mama," akamwamkia kwa Kiha. Mama akaitikia, akauliza kuna nini. Fundi akanitazama, nikatazama chini. "Nilikuwa napita," akasema. Akaomba maji, akanywa, akaondoka taratibu.

Breki zilipatikana wiki iliyofuata, na kaka yuko barabarani hadi leo, mzima. Siku hizi vijana tunaulizia nguvu ya kwenda, ya kusimama hatuulizii, na anayetukatalia tunamwona adui. Hilo mngeweza kuambiwa na yeyote. Funzo langu mimi ni dogo, tena linauma: nilikuwa nangoja aibu iniishe ndipo nikamwombe radhi. Nilipita kwake mara ngapi, nikamwamkia tu, nikaenda zangu. Kumbe aibu haiishi kwanza ndipo mtu aseme. Unasema nayo hivyo hivyo, ingali mdomoni.