Jina la Baba Jukwaani

Josepha, binti yangu wa pili, aliposema ataishi kwa kuimba, wenzake walimshauri ahamie Dar es Salaam. Alikataa. "Kama hawanijui hapa jirani Igogo, Dar atanijua nani?"

Jibu lile lilinipendeza, ila sikumwambia. Nilimwekea sharti moja: jina la marehemu baba yake, Mwalimu Clavery, lisitajwe jukwaani mpaka niridhike. Watu aliowafundisha hapa Pasiansi bado wanalitamka kwa heshima. Sikutaka liwe la kupigiwa kelele na washereheshaji.

Basi akatangazwa Josepha tu, kana kwamba hana kwao. Aliimba kwenye sherehe za kipaimara na za kuaga mabinti wanaoolewa, kwa kinanda chake na spika za kuazima. Wasukuma walimpenda upesi, ingawa sisi ni Wahaya, maana katikati ya wimbo aliwaita wazee wa ukoo kwa majina.

Hapo ndipo alipojikwaa. Siku Chenge wa Igogo alipomuaga binti yake, mshereheshaji alimpa Josepha karatasi ya majina ya wazee, walio hai na marehemu bila kutenganishwa, naye hakuuliza lolote. Akaimba kwa uchungu, akimwombea pumziko la milele mzee Machibya, babu wa bibi harusi.

Mzee Machibya alikuwa meza ya mbele, anakula pilau. Akaweka kijiko chini.

"Binti, nimekufa lini?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mmoja wa ukoo akapaza sauti: "Wahaya na kiburi chenu! Mnatuzika hata nyama hatujamaliza!"

Josepha alipiga magoti akaomba radhi. Kesho yake habari ilikuwa imefika sokoni, na familia mbili zilizokuwa zimemwita zikatafuta mwimbaji mwingine. Mimi nilishukuru kwamba jina la mume wangu halikuwemo. Kisha nikaona aibu kwa shukrani ile.

"Mama, labda niende tu Dar," alisema.

"Umwache mtu kaburini ukimbie? Vaa kitenge, twende Usagara kwa mzee Machibya."

Tulimkuta mzee uani kwake, anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Marehemu anakusikiliza."

Josepha hakucheka. Alitoa daftari, akaomba afundishwe majina ya ukoo, walio hai na waliotangulia. Mzee akamwita mkewe alete viti.

Alirudi huko peke yake Jumamosi nne. Tangu hapo haimbi kwenye sherehe ya mtu kabla hajaketi na wazee wa nyumba hiyo, hata wenye sherehe wawe na haraka kiasi gani. Wengine humwona msumbufu. Wengine wameanza kumwita tena.

Mwezi wa nane mzee Machibya na mkewe walifanya jubilei ya ndoa yao, wakamtaka Josepha aimbe. Ukoo wote ulikuwepo, mpaka waliotoka Shinyanga. Kabla hajapanda, mshereheshaji aliniinamia.

"Mama, nimtangaze Josepha nani?"

Binti yangu alikuwa anakaza waya wa kipaza sauti. Alisikia, lakini hakugeuka. Wimbo wenyewe nilikuwa sijausikia bado, na angeweza kukosea tena mbele ya watu wote wale.

"Josepha Clavery," nikasema. "Na ulitamke vizuri."