Mafuta ya Gari Lililosimama

Ukipita Kosele uulize habari za Boaz, utaambiwa ni yule dereva mwizi wa mafuta. Nimechoka kusikia upuuzi huo. Mimi Rispa, muuguzi wa zahanati, nilipanda naye Landrova yetu ya kubeba wagonjwa miaka sita.

Petroli tuliyopewa ilikuwa ya wagonjwa tu, na gari lenyewe lilikuwa linakunywa vibaya. Boaz akang'oa keria ya chuma juu ya paa kupunguza uzito, akawa anajaza magurudumu upepo wa kutosha na kusafisha chujio la hewa. Magunia ya watu alikataa kubeba. Hata akingoja ng'ombe wavuke barabara, alizima injini. Watu walimwita mchoyo, naye alicheka tu.

Mwaka wa tisini na tano, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, Fanuel, alifiwa na mjomba. Alitaka matanga yenye muziki, na stima kwake hakuna. Akachukua gari kwa nguvu, akaunganisha spika kwenye betri, na ili betri isife, injini ikanguruma mpaka kukapambazuka.

Boaz alikuwa amemsihi. "Mzee, hayo mafuta ni ya wagonjwa."

"Gari haiendi popote. Itakunywa nini?"

Asubuhi hiyo hiyo mama mmoja mwenye uchungu wa kuzaa, Lynnet, akaletwa, mtoto amekwama. Ilikuwa lazima apasuliwe hospitali ya Homa Bay. Kosele nzima hapakuwa na petroli ya kununua, tukaondoka na matone yaliyobaki. Kabla ya Rangwe injini ikakohoa, ikanyamaza. Boaz alikimbia kutafuta gari lingine. Aliporudi na pikapu ya samaki, mtoto alikuwa ameshafia tumboni. Lynnet alipona kwa shida.

Kamati ikakaa. Fanuel, macho makavu, akauliza, "Gari ilisimama kwangu usiku kucha. Kama haikutembea, mafuta ilienda wapi?"

Wote wakamgeukia Boaz. Nilisimama nikawaambia injini ikinguruma inakunywa, hata gari lisiposogea. Wakaniambia nikae, mambo ya magari si ya wanawake. Boaz akafutwa kazi siku hiyo. Bado damu inanichemka.

Sasa anachimba dhahabu Macalder. Juzi alikuja sokoni hapa, Lynnet akamwona, akageuza uso. Kisha Lynnet huyo akakutana na Fanuel, akamsalimia kwa mikono miwili, akamshukuru kwa kumfukuza mtu aliyemuulia mtoto.