Marehemu Mama Povu

Mtaa mzima ulimwita Mama Povu, kwa kuwa tangu mumewe afariki alikuwa akifua nguo za watu, na povu halikumkauka mikononi. Alikuwa na binti mmoja, na binti huyo amefaulu kwenda sekondari. Furaha iliingia mlangoni ikatokea dirishani. Ada hana, ndugu wa kumkimbilia hana, na shule zinafunguliwa Jumatatu. Ilibaki ofisi ya shirika moja linalosomesha watoto, nayo fomu yake ilisema wazi: yatima wa baba na mama.

Akampelekea karani wa mtaa fomu ile. Karani aliisoma, akacheka kwa pua.

"Mama Povu, mumeo alishafanya sehemu yake. Anayemzibia mtoto njia ni wewe."

"Basi nizike."

"Unatania, dada yangu."

"Mfa maji haishi kutapatapa. Andika."

Karani akaacha kucheka. Penye nafasi ya mama akaandika "marehemu". Penye mlezi akaandika "mama mdogo". Mama Povu akatia saini chini ya kifo chake mwenyewe.

Siku tatu walifanya mazoezi huku wakianika nguo. Mimi ni nani wako? Mama mdogo. Mama yako yuko wapi? Hapo binti alilia kila mara.

"Kulia lia tu, kunasaidia," Mama Povu alimwambia. "Ila ujibu."

Alhamisi wakaketi mbele ya afisa wa shirika, mwanamke mwenye miwani na sauti ya upole. Binti alipewa karatasi aandike jina lake, wino ukagoma.

"Mama, kalamu haiandiki."

Afisa akainua kichwa. Mama Povu akadakia haraka.

"Mama mdogo naye si mama?" alisema, akijilazimisha kucheka. "Nimemlea mwenyewe huyu."

"Kweli. Hata mimi nimelelewa na mama mdogo, na sikuwahi kumwita vingine." Afisa akamgeukia binti. "Hebu nisimulie, mwanangu. Marehemu mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Hilo hawakuwa wamelifanyia mazoezi. Binti akaikodolea macho sakafu, akaanza polepole. Mama alikuwa anafua nguo. Chakula kikiwa kidogo, alikuwa anasema ameshiba. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka, vyeupe kwa sabuni, na akikupapasa usoni vilikuwa vinakwaruza, lakini yeye binti hakuwahi kumwambia aache.

Mama Povu alisikiliza matanga yake mwenyewe. Taratibu akaivuta mikono chini ya mtandio. Alichelewa. Macho ya afisa yalikwisha kutua hapo.

"Na wewe, mama mdogo, unafanya kazi gani?"

Uongo ulikuwa umemwishia. "Nafua nguo."

Afisa alimtazama yeye, kisha binti, kisha fomu.

"Kumbe ni kazi ya ukoo," alisema hatimaye. Akavua miwani, akaifuta, akaifuta tena, kisha akagonga muhuri. "Nisikilizeni. Faili hili halikaguliwi na mimi peke yangu. Watakuja wengine, shuleni na nyumbani, miaka yote ya masomo. Watamuuliza mtoto, watawauliza majirani. Siku wakigundua kitu, atatolewa darasani siku hiyo hiyo. Kilichoandikwa humu ndicho kilichopo. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa."

Nje, binti alishika karatasi yenye muhuri kwa mikono miwili. Mlinzi akawafungulia geti, akampa hongera.

"Asante," binti akajibu, kisha akapaza sauti: "Twende, mama mdogo."

Walitembea hadi ofisi ikapotea nyuma ya ukuta. Mama Povu akasimama.

"Hapa ni mbali. Niite mama sasa."

Binti akageuka, akaitazama barabara: muuza magazeti, wanawake wawili wakipiga soga, mtu aliyeinama akijaza baiskeli upepo.

"Kuna watu," alinong'ona.