Sekunde na Saa Kumi

Kiti cha mkurugenzi wa michezo wa chuo kile kilikuwa na magurudumu, na kwa siku kilitembea kuliko baadhi ya wanariadha. Saa mbili kipo mezani, saa tatu kimefika dirishani, saa nne kimeegemea kabati la vikombe na mwenyewe yuko nje koridoni, anazunguka na faili kama mtu anayetafuta pa kulitupa.

Jina lake la kwenye barua wanalijua wahasibu. Wengine wote humwita Sekunde. Alilipata akiwa kocha wa mbio, kazi aliyoifanya miaka ishirini na miwili, saa ya kupimia ikining'inia shingoni hata msibani. Mkewe, muuguzi ambaye ulimi wake nao ni sindano, husema kwamba siku ya harusi bwana harusi alimnong'oneza: "Umechelewa dakika tatu na sekunde kumi na nne."

"Ningerudi nyumbani palepale," husema mama huyo, "ila viatu vilikuwa vinanibana."

Kwa wakimbiaji wake sheria ilikuwa moja. Ukichelewa mazoezini dakika moja, unazunguka uwanja raundi moja. Dakika tisa, raundi tisa. Habari za foleni na tumbo kamwambie mama yako.

Kisha goti likamgomea, na chuo kikampandisha cheo, maana yake kikamtoa uwanjani na kumpa ofisi inayotazama vyoo. Ili auone uwanja ilimbidi atoe kichwa dirishani mpaka mabega. Akaajiriwa kocha mpya, mwanamke mpole, ambaye kila jioni alimkuta Sekunde ameshatangulia uwanjani. Anakagua nyasi, eti.

Mwaka huo chuo kilikuwa na wasichana wanne wa mbio za kupokezana vijiti, na wa mwisho kushika kijiti alikuwa nahodha wao, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Mashindano ya vyuo ya mwaka wa kwanza aliyakosa kwa kifundo cha mguu, ya mwaka wa pili yaliahirishwa mpaka yakafa. Haya ndiyo yalikuwa ya mwisho kwake. Sekunde alilijua hilo kuliko alivyojua shinikizo la damu yake.

Barua ya kamati ya mashindano ikaja: mwisho wa kupokea fomu, Ijumaa, saa 10:00. Karani wake akaisoma mara mbili, akavua miwani.

"Bosi, hii kumi ni ya Kiswahili au ya Kizungu?"

"Kumi ni kumi, dada."

"Ikiwa ya Kizungu ni saa nne asubuhi. Nipige simu niwaulize?"

"Unamfundisha nani saa? Mimi nimeikata sekunde vipande mia, wewe unaniletea habari za kumi. Weka simu chini."

Akaiweka. Miaka saba alikuwa akimjua.

Fomu ilikuwa tayari tangu Alhamisi, lakini ilikuwa na nafasi ya kuandika muda bora wa timu, na nafasi hiyo ikawa inamwasha. Ijumaa asubuhi akawatoa wasichana nje awapime upya. Mara ya kwanza hakuridhika. Mara ya pili kijiti kikaanguka. Mara ya tatu akabonyeza saa, akakuta wamepunguza karibu sekunde nzima, akaruka kwa lile goti zima. Ilikuwa saa nne na dakika mbili.

Akaandika muda mpya, akagonga muhuri mpaka meza ikalia, kisha akapiga doria mlangoni kwa mkuu wa chuo, aliyekuwa kikaoni, mpaka akaipata sahihi. Saa nane u nusu alikuwa mbele ya dirisha la kamati, upande wa pili wa mji, anatabasamu. Amewahi kwa saa moja na nusu.

"Shikamoo mzee," akasema binti wa dirishani. "Tumeshafunga."

"Marahaba. Hujafunga, si nakuona?"

"Fomu tulifunga saa nne."

"Saa nne ya lini?"

"Ya leo. Tungetaka jioni tungeandika kumi na sita."

Sekunde akaitazama barua, akaigeuza nyuma kana kwamba huko kuna saa nyingine. "Mwanangu, nimechelewa kwa lugha, sikuchelewa kwa miguu. Andika tu. Nani atajua?"

Binti akafungua jalada, akamgeuzia ukurasa. Muhtasari wa kikao cha miaka miwili nyuma: timu itakayochelewa hata sekunde moja isipokelewe. Aliyetoa hoja alikuwa Sekunde mwenyewe. Siku hiyo aliipiga meza hadi glasi ikapinduka, na doa la maji lilikuwa bado pale, pembeni ya sahihi yake.

"Hii sahihi ya nani, mzee?"

Akaondoka bila kuaga.

Uwanjani aliwaeleza wasichana amesimama, hakuongeza wala hakupunguza. Kocha akainamisha kichwa. Nahodha hakulia.

"Umechelewa kiasi gani, mwalimu?"

"Saa nne na nusu."

"Dakika ngapi hizo?"

Alikuwa ameshazihesabu tangu garini. "Mia mbili na sabini."

Msichana akanyoosha mkono. Sekunde alidhani anapewa pole, kumbe alitakiwa saa. Akaivua shingoni, akampa. Akavua na viatu vya ofisi.

Goti lililia kama geti la kutu. Alipofika nusu raundi, karani, aliyekuja kusimama kwenye uzio, akapaza sauti: "Bosi, hiyo raundi ya Kiswahili au ya Kizungu?"

Wakacheka wote isipokuwa nahodha, aliyekuwa ameikazia macho saa. "Dakika tatu na sekunde kumi na mbili," akasema alipompita. "Polepole mno. Zimebaki mia mbili sitini na tisa."

Msichana alihitimu bila kukimbia mashindano yale. Saa hakuirudisha, wala Sekunde hakuiomba. Tangu hapo kila asubuhi, kabla ofisi haijafunguliwa, anazunguka moja, na karani anachora kijistari kwenye kalenda. Zimebaki mia moja arobaini na moja. Anastaafu baada ya miezi miwili, na siku hazitoshi. Kwa hiyo wiki hii ameanza kuzunguka mbilimbili, na Jumamosi tano.