Jina Lililokosekana kwenye Karatasi ya Kanda

Kosa langu la kwanza katika kazi hii ya kompyuta halikuwa kuunguza kifaa wala kupoteza faili za mtu. Lilikuwa kusema "haiwezekani" mbele ya kwaya nzima, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kuhusu jambo ambalo kwa kweli nilikuwa nimeliogopa tu. Jumatatu iliyopita nilipata habari kwamba kijana aliyenionyesha kuwa linawezekana ameaga dunia kwa homa ya mapafu, kabla hajatimiza miaka thelathini. Wasomaji wangu wa kila wiki mtaniwia radhi. Barua zenu zinazouliza kama kompyuta zitazimika mwaka elfu mbili ukiingia nimezisoma, na zitangoja kidogo. Leo nataka kumkumbuka mtu ambaye sikuwa rafiki yake. Tulijuana tu, tukiimba katika kwaya moja, na kwa miaka miwili nilimwonea wivu kila nilipomwona.

Kanisa letu liko Umoja, upande wa Eastlands hapa Nairobi, hatua chache kutoka Mowlem nilikozaliwa na baba karani na mama mshonaji, wote watu wa Ukambani. Kwaya yetu hurekodi kanda kila mwaka, na kwa kuwa hatukuwa na uwezo wa kwenda studio za mjini, tulirekodi katika chumba cha nyuma ya madhabahu, tukining'iniza mablanketi ukutani ili sauti isirudi. Kompyuta ya kwanza ya kanisa iliharibika siku stima ilipopotea na kurudi kwa kishindo. Kitu kimoja tu ndani yake kilipona: kadi ya sauti, kipande kirefu kama rula ya shule, ambacho kilikuwa kimetunasia kanda mbili safi kabisa. Kompyuta mpya ilipoletwa, ilikuja na sauti yake iliyojengewa ndani, na sauti hiyo ilikuwa na mvumo wa kitunguu kikikaangwa. Kiongozi wa kwaya, mzee wa makamo anayeendesha lori, alisikiliza jaribio la kwanza akakunja uso. "Hii si kanda, hii ni jikoni," alisema. "Ile kadi yetu ya zamani haiwezi kuhamia humu?"

Nilikuwa fundi wa mitambo wa kwaya, na nilikuwa nimejifundisha kila kitu mwenyewe kutoka vitabu vya mitumba. Niliihamisha kadi ile kama mtu anayehamisha mgonjwa. Kwa bahati kulikuwa na tundu moja refu jeusi la aina ya zamani lililobaki kwenye ubao wa kompyuta mpya, na kadi iliingia vizuri. Lakini kila tulipoanza kurekodi, mashine iliganda. Kwa jioni tatu niliitoa, nikaipangusa, nikairudisha. Niliandika kila hatua katika daftari, mistari nimeipiga kwa rula, vichwa vya habari kwa wino mwekundu. Jioni ya nne niliwaambia wote kwamba kadi ya zamani haiwezi kukaa ndani ya kompyuta mpya, basi, tuzoee mvumo. Sikuwaambia kwamba kuna ukurasa mmoja wa mipangilio, ule unaofunguka kabla mashine haijaamka sawasawa, ambao sikuugusa kwa sababu kitabu kilionya kwamba asiyejua asiingie. Mimi nikiambiwa naweza kuharibu kitu, mikono inaniganda.

Kijana ninayemkumbuka leo alikuwa mwimbaji wa sauti ya nne. Wazazi wake walitoka magharibi, naye aliishi na mama na dada yake katika mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, akifanya kibarua katika kiwanda cha mabeseni. Alikuja mazoezini kwa miguu, mara nyingi bado amevaa ovaroli, na majirani zake walimpelekea redio zilizokufa. Jioni ile alisimama nyuma yangu muda mrefu, kisha akasema, "Niaje, profesa. Naweza kuona hiyo daftari yako?"

"Umewahi kufungua kompyuta?" nilimuuliza.

"Sijawahi."

"Sasa?"

"Sasa nataka kusoma tu, buda. Kusoma nako kumekatazwa?"

Watu walicheka. Nikampa. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, akafungua ukurasa, akarudi nyuma, akafungua tena. "Hapa umeandika kadi inatumia nambari tano," alisema. "Na huku umeandika sauti ya ndani inatumia nambari tano. Hawa ni wawili, ama ni mmoja?"

Kila kifaa ndani ya kompyuta hupewa nambari yake ya kubishia hodi, na viwili vikibisha kwa nambari moja, mashine haijui imfungulie nani, inaganda. Hilo nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu, katika kurasa mbili zinazofuatana, kwa hati nzuri, bila kuliona. "Ni wawili," nilijibu.

"Basi huyu wa ndani mwambie akae chini. Wawili hawawezi kuimba sauti moja na wimbo tofauti."

"Nilishachomoa spika yake."

"Hapana, hiyo ni kumziba mdomo. Bado amesimama. Nasema akae."

Kukaa chini kulikuwa ndani ya ule ukurasa nilioukwepa. Kiongozi alinitazama, kwaya ikanitazama. Niliufungua, yeye akiwa pembeni anasoma maneno kwa sauti, moja baada ya jingine, bila haraka, mpaka tukafika penye sauti ya ndani, tukaizima, na nambari tano tukaiwekea kadi ya zamani peke yake. Mashine ilipoamka, dada mmoja wa sauti ya pili aliimba mstari mmoja mbele ya maikrofoni. Tulipourudia kuusikiliza, ulikuwa safi kiasi kwamba tulisikia alivyovuta pumzi kabla ya kuanza. Kina mama walipiga vigelegele. Kijana mmoja wa sauti ya tatu akanipigia makofi ya kejeli: "Profesa, leo umepigwa chenga na ovaroli!" Nami nikacheka kwa nguvu kuliko wote, kama anavyocheka mtu aliyekanyagwa kidole ambaye hataki ijulikane.

Kuanzia hapo sikuwa na raha. Nilimwonea wivu wa sikio lake, kwani aliweza kuinamia spika na kusema "waya wa kushoto umelegea" na kweli ukawa umelegea. Nilimwonea wivu wa bisibisi yake aliyoinoa kutoka kwenye spoku ya baiskeli. Mimi nilikuwa na seti nzima ndani ya mkoba wenye zipu, na bado nilikwenda kutafuta spoku nikajaribu kunoa yangu, nikajikata. Zaidi ya yote nilimwonea wivu kwa sababu hakuogopa kukosea. Alikosea mara nyingi, akasema "ai, hapo nimekosa," akajaribu kwingine. Mimi nikikosea silali. Nilikuwa nikijiambia kwamba nachukia uzembe wake. Ukweli ni kwamba nilitamani kuishi siku moja tu ndani ya moyo mwepisi kama ule.

Sasa nifike kwenye kitendo chenyewe. Wasiojua kwaya zetu za mitaani huenda wasielewe uzito wa karatasi inayokunjwa ndani ya kasha la kanda. Kwetu, karatasi ile ndiyo cheti. Inaandikwa mtunzi, waimbaji wa mbele, aliyeshona sare, aliyetoa gari, na mwishoni kabisa neno "Mitambo" na jina. Watu huitunza kabatini pamoja na picha za harusi. Mimi ndiye niliyekuwa naipanga kwenye kompyuta, na kamati iliniambia waziwazi: chini ya Mitambo, majina mawili. Niliifanyia kazi karatasi ile kwa siku nne. Mstari mmoja niliusogeza mara kumi na moja ili ulingane na mwingine. Kisha nikaweka jina moja, langu. Kamati ilipouliza, kanda zikiwa tayari zimetoka kwa mchapaji, nilisema nafasi haikutosha. Pale pembeni nilikuwa nimechora njiwa mwenye jani mdomoni. Njiwa alipata nafasi.

Siku kanda zilipogawiwa baada ya ibada, nilimtazama kwa pembe ya jicho. Alifungua kasha, akaikunjua karatasi, akasoma mpaka chini. Akaikunja tena. Halafu akanijia akasema, "Iko fiti, profesa. Hata huyo njiwa umemweza." Akachukua kanda mbili, moja ya kwake na moja ya nyumbani, akaenda zake. Nilijituliza kwamba hajali mambo ya majina. Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kumpa mwenzake sifa ya unyenyekevu pale unyenyekevu huo unapomfaa yeye mwenyewe.

Karatasi ile ilifikisha jina langu mbali kuliko nilikowahi kufika mimi. Kwaya nyingine za Eastlands ziliisoma zikanitafuta. Mfanyabiashara wa viatu pale Kariokor aliniita nimwekee kompyuta dukani. Hata safu hii nilipewa kwa sababu mhariri alikuwa na kanda ile nyumbani. Yeye aliendelea na mabeseni na redio za majirani. Nimelifikiria hilo sana wiki hii. Mitaa yetu inaishi kwa vitu vilivyohamishwa: tairi la lori linakuwa kiatu, mlango wa nyumba iliyobomolewa unakuwa meza, kadi ya mashine iliyokufa inaimba ndani ya mashine mpya. Kitu cha zamani tunakipa nafasi bila kuuliza kimetoka wapi, mradi kinafanya kazi. Lakini mtu tunamuuliza amesoma wapi, amevaa nini, anaishi upande gani wa reli, ndipo tuamue kama jina lake linafaa kuchapwa. Na sisi tuliojifundisha wenyewe, ambao tulilalamika milango ilipofungwa mbele yetu, ndio wepesi kuifunga tukishaingia. Nasema sisi ili nisione aibu. Nilikuwa mimi.

Jumatano alasiri kwaya ilikwenda kuimba matangani, Mukuru kwa Reuben. Mlango ulikuwa wazi, watu wamekaa kwenye viti vya kuazima mpaka uchochoroni, na ndani redio ya kaseti ilikuwa inacheza ile kanda yetu. Dada yake, msichana anayeuza mboga, aliniletea chai. Alipomsikia mwenzangu akiniita kwa jina, alikwenda ndani akarudi na kasha.

"Wewe ndiye huyu?" aliuliza, kidole kikiwa chini ya neno Mitambo.

"Ndiye mimi."

"Basi tusaidie kitu. Ndugu yangu alikuja na hii kanda akatuambia, 'Mimi ndiye niliyefanya sauti ikatoka hivi.' Sisi tukasoma, jina hatulioni. Tulimcheka, kaka. Tulimwita fundi hewa. Hata mtaa ulimwita hivyo."

Mama yake alikuwa ameketi karibu, shuka begani. Alisema bila kuniangalia, "Mimi sikucheka. Mimi nilimkanya. Nilimwambia mwanangu, usijisifu na kazi ya watu, hatukukulea hivyo. Akanijibu, sawa mama. Hakusema tena mpaka amekufa." Kisha akaniangalia. "Alikuwa anadanganya?"

Nilikuwa na jibu langu la nafasi kutotosha. Lilikuwa tayari mdomoni, lilikuwa limeshanifaa mara moja. Kiongozi wetu wa kwaya alikuwa nyuma yangu, na wenzangu wote. Nilisema, "Hapana, mama. Hakudanganya. Mimi nilishindwa, yeye akaweza. Niliambiwa niandike jina lake, nikaliacha makusudi, kwa wivu."

Hakulia, na hakunikaripia. Alisema, "Simama useme tena. Sema hao wa nje pia wasikie, kwa sababu ni hao waliomcheka."

Nilisimama mlangoni nikasema tena, kwa sauti, na jina lake nikalitaja kamili, majina yake yote matatu. Mzee mmoja kwenye kiti cha mwisho alivua kofia. Nilipogeuka, mama alikuwa amechukua kasha kutoka kwa binti yake na kulishika kwa mikono miwili. "Haya," aliniambia. "Nenda ukakae na wenzako, mwimbe." Sikuona msamaha usoni mwake, wala sikuwa na haki ya kuutafuta pale, siku ile. Nilikwenda nikasimama kwenye safu. Upande wa sauti ya nne walikuwa wameacha pengo la mtu mmoja.

Ninachojifunza si kigumu, ila kimenigharimu. Wivu wenyewe haukumdhuru mtu yeyote ulipokuwa ndani ya kifua changu. Ulimdhuru siku nilipoupa kazi ya kufanya, tena kazi safi, iliyonyooka, isiyo na kosa hata moja la herufi. Mama yake alimkanya mwanawe kwa sababu ya uongo ambao niliuchapa mimi.

Karatasi ya kanda inachapwa upya, na chini ya neno Mitambo kuna jina moja, lake. Kazi ya mitambo ya kwaya nimeiacha kwa sasa. Wivu sijapona, wiki hiihii nimemwonea mtu mwingine. Tofauti ni kwamba sasa, kazi ikiisha, jina la yule ninayemwonea wivu ndilo ninaloliandika kwanza.