Kilima Kisichotulia

Mume wangu hakuwa mtu wa maneno akiwa ameketi kitini. Ungemwuliza jambo asubuhi ukajibiwa jioni, na jibu lenyewe likawa "sawa". Lakini mweke juu ya baiskeli, umwelekeze kilimani, ulimi unafunguka. Mambo yote makubwa ya ndoa yetu tuliyazungumza tukipanda vilima vya Iveti, kwetu Machakos, Jumamosi asubuhi: mtoto wa pili, uhamisho wangu wa shule, ugomvi wa mpaka wa shamba la baba yake. Alianza sentensi kwenye kona moja, akakanyaga, akavuta pumzi, akaimaliza kwenye kona ya pili. Mimi nyuma yake nilijibu nikihema. Watu wengine huzungumza kitandani. Sisi tulizungumza kwenye mwinuko.

Tulikuwa na baiskeli mbili za gia, za mitumba, zenye magurudumu mapana ya kupitia njia za mawe. Mwanzoni majirani wa Mumbuni walitucheka, hasa mimi. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji walisema kiveti mzima, mke wa mtu na mwalimu wa watoto wa watu, anapanda baiskeli na haendi popote. Hawakukosea. Tulipanda hadi kwenye mikaratusi ya juu, tukanywa maji, tukateremka, tukarudi nyumbani kupika chai.

Yeye alifika juu kwanza siku zote. Nami nikiwa chini bado, nguo imenigandia mgongoni, nilimsikia akipaaza sauti: "Kona moja tu imebaki." Kona hazikuwahi kubaki moja. Nikifika, alinipa chupa ya maji bila kusema pole, maana kwake pole ilikuwa ya wagonjwa, na mimi nilikuwa mpandaji kama yeye.

Mwaka aliopata ajali, mvua ilikuwa imechimba mfereji katikati ya njia, na kwenye mteremko hakuuona. Alivunjika goti. Daktari alilifunga, akalifungua baada ya muda, akalikunja na kulikunjua, kisha akasema atatembea na kazi yake ya ukarani kwenye ghala la nafaka ataifanya, lakini kupanda kilima kwa baiskeli asahau. Mume wangu akajibu, "Sawa."

Akaitundika baiskeli yake kwenye msumari stoo. Wiki iliyofuata nilikuta na yangu imetundikwa kando yake.

"Kuna mtu wa duka la baiskeli kule Masii," akasema mezani. "Atakuja kuzichukua zote mbili tukitoka Malindi."

"Zote mbili kwa nini? Goti langu liko sawa."

"Utaenda na nani?"

Sikuwahi kwenda peke yangu hata siku moja. Nilikasirika, nikaosha vyombo kwa kelele hadi sufuria moja ikapoteza mshikio. Chini ya ile hasira kulikuwa na hofu. Niliona wazi kwamba baiskeli zikiondoka, sisi tutabaki watu wawili wanaokunywa chai. Tangu aanguke tulikuwa hatujazungumza jambo lolote la maana.

Malindi tulikuwa tumealikwa na mdogo wangu wa kike, aliyeolewa huko. Mume wake alifanya kazi katika hoteli moja ya ufuoni, akitunza mbao ambazo wageni hulalia na kusimama juu yake ili mawimbi yawabebe. Alikuwa amenipigia simu: "Shemeji, mlete huyo mwanyumba wangu. Maji ya chumvi ni dawa ya goti. Na mtu aliyezoea kuteremka milima kwa baiskeli, wimbi litamshinda nini?" Ilikuwa likizo ya Agosti, majira ambayo mawimbi ya huko huwa na nguvu. Tukawaacha watoto kwa nyanya yao, tukaenda.

Asubuhi ya kwanza mume wangu alisimama mchangani, mikono nyuma, akaliangalia lile jimaji likiinuka na kuanguka, likiinuka na kuanguka.

"Kumbe ni kilima," akasema. "Lakini kilima chenyewe hakitulii."

Miezi miwili nilikuwa sijasikia sentensi ndefu namna hiyo kutoka kwake. Nikapata tumaini, nikaenda kubadilisha nguo haraka kabla tumaini halijabadilisha nia.

Shemeji yangu alitulaza juu ya mbao pale pale mchangani, akatufundisha: lala kifudifudi, piga maji kwa mikono, wimbi likikushika jiinue kwa viganja, chomeka miguu chini yako, simama. Mume wangu alisikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Sasa breki inashikwa wapi?"

Mdogo wangu alicheka hadi akaketi. Mume wangu hakuwa akifanya mzaha.

"Mwanyumba, bahari haina breki," akajibiwa.

"Sasa mtu anasimama aje?"

"Anaanguka."

Na kweli tulianguka. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na sisi wa bara tulikuwa tumeyajulia kwenye mtungi tu. Kosa la kwanza lilikuwa la watu wa vilima hasa. Kwetu njia ikisimama wima, huipandi moja kwa moja. Unakata kushoto, unakata kulia, hadi ufike. Mume wangu alipoona wimbi linakuja kumkabili alifanya hivyo hivyo, akauelekeza ubao kando. Wimbi likaupiga ubavuni, likampindua na kumrudisha mchangani kama nguo chafu. Akarudi. Akakata kulia. Likampindua tena. Shemeji alimpigia kelele aende nalo uso kwa uso, lakini ni vigumu kuuambia mwili usahau jambo lililoulinda tangu utotoni.

Mimi nilikuwa na ugonjwa mwingine. Kila ubao uliposhika kasi, vidole vyangu viwili vya kila mkono vilijikunja na kuvuta breki ambazo hazikuwapo. Naye, mara ya kwanza wimbi lilipombeba vizuri akiwa amelala kifudifudi, aliogopa kasi akashusha mguu mzima nyuma, vile tulivyofanya utotoni na baiskeli zisizo na breki, tukikandamiza soli ya kiatu kwenye gurudumu. Ubao ukazunguka, yeye akaenda upande wake. Nilicheka hadi nikameza bahari. Alipoibuka naye alikuwa anacheka, kamasi na chumvi zikimtiririka, na nikamwona mume wangu niliyemjua.

Siku ya pili kicheko kiliisha. Kulala juu ya ubao aliweza, hata kukata kushoto na kulia aliacha. Lakini kusimama kunataka magoti yakunjike mara moja, kwa ghafla, na lile goti lilikataa. Alijaribu asubuhi nzima. Kila mara lilikunjika nusu, likakwama, akaanguka akiwa amelishika. Mwisho akatoka majini, akajifunga leso ya mdogo wangu, akaketi. Nikaenda kuketi karibu naye.

"Hata hapa," akasema.

Niliumia kuliko siku aliyovunjika. Siku ile alikuwa ameanguka mtu mwenye nguvu. Sasa alikuwa ameketi mtu aliyekuwa amekuja na tumaini moja tu, na mimi ndiye niliyelipakia kwenye basi. Nilitaka kumwambia pole, nikajua hataisikia kama neno la mpandaji kwa mpandaji. Nikauchukua ubao nikaingia majini kwa hasira, hasira ya kumkasirikia nani, sijui hata leo.

Mawimbi yakanipita. Moja nililiwahi mno, jingine nikalichelewa, la tatu likanipa kofi la kisogoni. Nilikuwa nakohoa wakati niliposikia sauti nyuma yangu.

"Unaanza kama umechelewa."

Alikuwa ndani ya maji hadi kifuani.

"Nani amekuuliza?" nikasema.

"Ni kama gia. Gia unabadilisha kabla ya kilima. Wewe unangoja mpaka uwe kilimani, ndiyo unaanza kukanyaga. Hata Iveti uko na hiyo tabia, nimekuambia mara ngapi?"

Akaushika ubao wangu kwa nyuma. Nikalala kifudifudi. Akawa anatazama baharini, amekunja uso, vile alivyokuwa akitazama mteremko kabla ya kuachilia breki.

"Hii hapana," akasema. Wimbi likapita chini yetu likituinua na kutushusha. "Hii pia hapana. Ngoja. Usigeuke, angalia mbele."

Nikangoja. Kisha nikasikia mikono yake ikikaza.

"Hii ni yako."

Akanisukuma. Wimbi likanishika, na kwa mara ya kwanza sikuvuta breki. Nikajiinua, nikachomeka miguu, nikasimama. Haikuwa kusimama kwa kupigiwa picha. Nilikuwa nimechuchumaa kama mtu anayetafuta shilingi gizani, nyonga huku, mikono kule. Lakini nilikuwa juu ya miguu yangu na ufuo ulikuwa unakuja. Nilipoanguka na kuangalia nyuma, mume wangu alikuwa anacheka, na mkono wake ulikuwa tayari unaniita nirudi.

Tukakaa majini hadi vidole vikakunjamana. Maji yalimbebea uzito, goti likapumzika. Na kati ya wimbi na wimbi, akaanza kuzungumza. Akaniuliza kuhusu shule. Akaniambia baba yake anazeeka vibaya. Kisha akasema, akiwa bado anatazama baharini, "Niliogopa utachoka kunisubiri."

"Mimi? Miaka hiyo yote nani alimsubiri nani?"

"Kule juu sikuwa nasubiri bure. Nilikuwa nasikiliza mnyororo wako. Nikiusikia, najua uko, basi natulia. Hii hapana. Nayo hii ni ndogo. Haya, jitayarishe."

Sikuwahi kujua hilo. Nilidhani kule juu alikuwa akipumzika na kunicheka kimoyomoyo. Nilifurahi kwamba nilikuwa nimelala kifudifudi na uso umelowa tayari.

Siku zilizobaki hazikuwa za ushindi. Nilianguka mara nyingi kuliko nilivyosimama. Alasiri moja alinichagulia wimbi baya likaniburuza pua mchangani, akaomba msamaha jioni nzima, hadi mdogo wangu akamwambia aache, samaki anapoa. Shemeji alimtania kwamba hotelini kuna nafasi ya msukuma wageni. Mume wangu akasema yeye anasukuma mtu mmoja tu, na huyo mmoja anamtosha.

Lakini Machakos hakuna bahari. Kwenye basi la kurudi, kila tulipozidi kukaribia nyumbani ndivyo alivyozidi kunyamaza. Tulipofika alikuwa amerudia "sawa" zake, nami nikaogopa kwamba kila kitu tumekiacha kule ndani ya maji.

Jumamosi asubuhi yule mtu wa Masii akaja na pikapu. Mume wangu aliingia stoo, akatoka na baiskeli yake, akasaidia kuifunga kamba. Yule mtu akaangalia mlangoni.

"Na ile ingine?"

"Hiyo iko na mwenyewe."

Pikapu ikaondoka. Mume wangu aliitazama hadi ilipokata kona, na hata ilipokwisha kukata kona aliendelea kutazama. Nilihuzunika, nikasimama karibu naye. Kisha akaingia tena stoo, akaitoa yangu, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akajaza upepo magurudumu na kuupaka mnyororo mafuta, kiungo kwa kiungo.

"Kavae viatu," akasema.

Tukaenda hadi chini ya kilima, mimi nikiikokota baiskeli, yeye akichechemea kando yangu. Nilipanda. Akashika tandiko kwa nyuma. Barabarani kulikuja lori la mchanga likinguruma.

"Hii hapana," akasema.

Likapita na vumbi lake. Likaja jingine.

"Hii pia hapana. Usigeuke, angalia mbele."

Vumbi likatua. Barabara ikawa tupu hadi kwenye kona. Mkono wake ukakaza.

"Hii ni yako. Nitakungoja hapa chini."

Akanisukuma. Nikabadilisha gia mapema, kabla kilima hakijaanza, nikapanda. Mwinuko ulikuwa ule ule, kona zile zile, lakini mbele yangu hapakuwa na mgongo wala nusu ya sentensi ya kuifuata. Hakuna aliyenidanganya kwamba imebaki kona moja. Nilifika kwenye mikaratusi nikanywa maji yangu mwenyewe, nikasimama pale alipokuwa akisimama yeye. Nikatega sikio kule chini. Nilisikia upepo, mbuzi, mtu akikata kuni. Upweke ulinishika mara moja, nikaelewa ni kitu gani alichokuwa akikitafuta masikioni miaka ile yote. Sikukaa.

Niliteremka kwa uangalifu, breki mkononi. Kwenye kona ya mwisho nikamwona kabla yeye hajaniona. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, mguu mbovu ameunyoosha, kichwa amekiinamisha kidogo upande wa kilima, na macho ameyafumba. Nikaachilia breki, nikaanza kukanyaga, ingawa mteremko haukuhitaji kukanyagwa, ili mnyororo usikike.