Miaka Arobaini na Sita Bila Nyama

Zaya hakuwahi kula nyama. Si kwa umaskini, la. Milima yao ya Hakkari ilijaa kondoo. Ila ukoo wao ndio uliorithi uaskofu wa bonde lile, baba mkubwa akimwachia mtoto wa nduguye, na sharti la kiti lilikuwa hilo: anayekikalia asiwe ameonja nyama tangu tumboni mwa mamaye, wala asioe. Kwa hiyo mama yake, Shmuni, aliacha nyama alipopata mimba, na mtoto alipotoka wa kiume akaambiwa yeye ni wa kiti.

Basi akakaa anakingoja. Wenzake wakila bokoboko la harusi, yeye analetewa mtindi na kokwa za jozi. Alimpenda Marta, binti wa mfua vyuma, akamtazama akiolewa na mwingine. Walimtania, "Zaya, hata harufu unaruhusiwa?" Naye hucheka. Kwa nini asicheke, si kiti kinakuja? Baba yake mkubwa, Askofu Mar Yosip, alipopooza, ni Zaya aliyemwogesha na kumlisha miaka sita. Jamani, mtu afanye nini zaidi?

Mar Yosip akafa baada ya Pasaka, Zaya ana miaka arobaini na sita. Wazee wa bonde wakakutana kanisani kumthibitisha. Lakini Nazlu, mke wa Talya, mdogo wake Zaya, naye alikuwa na mwana aliyelelewa bila nyama, Oraham, wa akiba tu endapo Zaya angetangulia kufa. Akasimama, akasema kwa sauti laini ile ya mtu anayekuchimba:

"Mimi sina neno na shemeji. Ila Oraham alipozaliwa niliapa juu ya Injili. Mama mkwe sijasikia kama aliapa. Si aape tu, yaishe?"

"Kweli," wazee wakasema. "Njoo, mama, ni jambo dogo."

Shmuni akaweka mkono juu ya Injili. Zaya alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Mwezi wa saba wa mimba," mama yake akasema, "theluji ilitufungia ndani, unga ukaisha. Mbuzi wa jirani aliporomoka jabalini. Jirani akaniletea mchuzi wake. Nilikunywa bakuli moja."

Ikawa imekwisha. Kufikia adhuhuri Oraham anapimwa joho, na nje kondoo wanachunwa.

Talya, uso chini kwa aibu, akamletea kaka yake sahani. "Kula, kaka. Sasa ruhusa. Na mke tutakutafutia."

"Wa umri gani?"

Zaya akatia kipande mdomoni, akatafuna mpaka taya zikauma, kikakataa kushuka. Akakitemea kiganjani, akamtupia mbwa.

Akaenda nyumbani. Mama yake alikuwa ameketi jikoni, hajawasha moto.

"Ulijua, mama."

"Nilijua, mwanangu."

"Si ungeapa tu."

"Mkono uko juu ya Injili, Zaya? Nimdanganye Mungu?"

"Basi ungeniambia nikiwa na miaka ishirini. Ningeoa. Ningekula kama watu."

"Kila siku nilikuwa naomba wasije wakaniuliza."

Hasira ilimpanda Zaya. Miaka yote ile ya mtindi, na mtu mmoja anajua ni bure, naye ndiye anayemkorogea. Akafunga virago, akahamia kwa Talya siku ileile, chini ya paa moja na Nazlu, na kwa mama yake hakukanyaga tena.

Shmuni alikufa mwaka wa pili, majira ya mavuno. Askofu Oraham ndiye aliyemzika, kijana wa watu. Katikati ya sala ya maziko akapotea njia, akainua macho kumtafuta baba yake mkubwa, Zaya, kati ya waombolezaji, amkumbushe.

Zaya aliyajua maneno yale yote kwa moyo. Hakuyasema.